Kiporo cha Mkwe

Ramadhani ya Januari 1998 ilinikuta kwa bibi mzaa mama, upande wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, katikati ya zile mvua za El Niño zilizoanza mwaka uliotangulia na ambazo zilikuwa zimekwisha kuikata barabara ya udongo iendayo Tanga. Bahari ilichafuka, wavuvi wakaacha ngalawa zao mchangani, na kuku wa bibi walikuwa wamemalizwa na kideri kabla mwezi haujaandama. Basi, bila mtu yeyote kukusudia, jikoni kwetu hakukuwa tena na samaki, nyama, yai wala maziwa. Tulifuturu kwa muhogo, magimbi, kunde, kisamvu na wali, vingi vikiungwa kwa nazi, na kilichobaki kwenye futari ndicho kilichokuwa daku yetu.

Kwa watu wa nyumbani jambo hilo halikuwa na uzito. Tatizo lilikuwa baba mdogo, mume wa mama mdogo, ambaye ndoa yake ilikuwa bado changa na ambaye alikuja kumletea mkwewe sukari na tende za mfungo, akazibiwa njia na maji. Mkwe hakaribishwi kwa majani matupu. Hata kama kuku ni mmoja, huyo mmoja ndiye anayechinjwa. Kiporo ndiyo kabisa hakitajwi mbele yake. Bibi alijikuta hana cha kumwandalia ila majani na kiporo.

Alichofanya ni kukificha kiporo ndani ya chakula kipya. Waume wakienda kusali tarawehe, aliniita jikoni na kunikalisha juu ya mbuzi nikune nazi, huku yeye akikagua masufuria kwa mwanga wa kibatari. Wali uliopikwa kwa tui huchacha upesi katika joto la pwani, kwa hiyo siku hizo aliupika kwa maji na chumvi tu, na uliobaki akautandaza kwenye sinia upoe upesi. Wali huo aliutwanga pamoja na mchele ulioroweshwa tangu mchana, akatia tui zito, hamira, sukari na iliki, akaufunika karibu na jiko uumuke mpaka saa ya daku, ukawa vitumbua. Muhogo wa nazi uliokuwa umelinywa tui lake lote aliuponda kwa mwiko, akaukamulia ndimu, akatia pilipili na kitunguu saumu, akaufinyanga vidonge na kuvichovya kwenye uji mzito wa unga wa ngano kabla ya kuvikaanga. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ulitutoa machozi sote wawili, lakini hakukubali kuacha hata chembe. "Mkwe asikione tena alichokiona jana," alisema.

Kitu kimoja tu hakikubali kugeuzwa, nacho ni kisamvu. Majani machanga ya muhogo yana sumu, na ndiyo maana hutwangwa yakalainika kabisa, kisha yakachemshwa kwa muda mrefu kabla ya kutiwa tui. Kazi hiyo ikishafanywa, hakuna namna ya kukifanya kionekane kitu kingine. Aidha, kisamvu kikilala ndipo kinapokolea: tui, kitunguu na pilipili vinakuwa vimeingia ndani, na asubuhi kikipashwa kwa makaa machache, bila kuachwa kichemke tui likakatika, harufu yake huvuka ua. Hicho tulikila wenyewe jikoni, kwa siri, pamoja na ukoko wa wali.

Mimi ndiye niliyepeleka sinia la baba mdogo barazani, limefunikwa kwa kawa, na mimi ndiye niliyekuwa kinywa cha pande mbili, maana yeye na mkwewe waliheshimiana kiasi cha kutozungumza zaidi ya shikamoo na marahaba. Usiku mmoja alilifunua kawa, akatazama vitumbua na kachori, akanusa upande wa jikoni.

"Mwambie bibi yako naomba kile mnachokula huko ndani."

Nilifikisha ujumbe. Bibi alishtuka. "Mwambie kile ni kiporo."

Nilirudi barazani. Baba mdogo alijibu kwa sauti ambayo haikuhitaji mjumbe: "Mwambie mwanawe hunipa kiporo kila asubuhi, na sijafa."

Bibi alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha alipakua kisamvu, akaongeza kipande kikubwa cha ukoko, akanikabidhi bila kawa.

Nikiwasikia watu wakisema kiporo ni alama ya ufukara, sikubaliani nao. Katika nyumba ile sahani mpya ndiyo iliyomweka mtu mbali, na aliyelishwa kutoka sufuria la jana alikuwa amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji. (Siku hizi naona mjini watu wanaoacha kwa hiari vyote vitokavyo kwa wanyama, na kulipa fedha nyingi kwa vyakula vya pakiti vinavyojaribu kufanana na nyama, sina ugomvi nao, ila natamani wangeonja kisamvu kilicholala.) Tangu daku ile baba mdogo alikula tulichokula, na bibi akaacha kumwita mkwe, akawa anamwita mwanangu. Nilipumzika kukuna nazi usiku, ingawa vitumbua niliviwaza kwa muda.

Njia ilipofunguka siku chache kabla ya Idi, bibi hakuwa na kuku wa kumfungia. Alimpa nazi mbili na kibakuli cha kisamvu cha jana kilichofungwa kwa kitambaa. Mama mdogo alipokuja kutupa mkono wa Idi, alianza kulalamika kabla hajavua viatu: mama, umenitia aibu, mume wangu amepanda gari na kiporo mapajani!

"Alikila, hakukila?" bibi aliuliza.

"Alikimaliza njiani. Mimi nimeletewa bakuli tupu."