Jodari wa Mjomba

Juzi tukila jodari wa mkebe, binti yangu akaniuliza, "Mama, huyu samaki hulala saa ngapi?" Nikamwambia huyu hasimami hata kidogo, usiku na mchana. Akaacha kutafuna. Jibu hilo nililipata kwa marehemu mjomba, muuza samaki pale City Market, sokoni Nairobi.

Likizo ile nilikuwa nikishinda kwenye meza yake, ngege na mbuta wa ziwani upande huu, wa bahari upande ule. Asubuhi moja akashushwa jodari kutoka Mombasa, amefunikwa barafu, mrefu kunizidi. Watu wakajaa. Mjomba akawaomba wasogee, akaniita, "Njoo mwanangu, kabla sijamtia kisu."

Akaushika mkono wangu, akauingiza kinywani mwa samaki taratibu, mpaka vidole vikagusa matamvua. Baridi ikanipanda hadi kiwiko. "Sukuma." Nikasukuma, ncha za vidole zikachomoza nyuma ya shavu, upande wa pili. "Hiyo ndiyo njia ya maji," akasema. Samaki wengi hutulia mahali pamoja wakivuta maji kwa kufungua na kufunga kinywa. Jodari hawezi. Lazima aogelee kinywa wazi ili maji yapite kwenye matamvua. Akisimama, anakosa pumzi. Kisha akalilaza pezi la mgongoni, likazama kwenye mfuo wake kama kisu kwenye ala, lisimpunguzie mbio. Nikaliinua, nikalilaza, nikaliinua tena. Sijawahi kuona kitu kilichoumbwa kwa uangalifu kiasi kile.

Akampasua. Nyama ilikuwa nyekundu kabisa, maana misuli isiyopumzika huhitaji hewa nyingi. Mwili wake, mjomba alisema, huwa na joto kuliko maji anamopita. Mpishi wa hoteli akachukua karibu wote.

Wakati tunasafisha meza nikamwuliza kama amewahi kumwona akiwa hai. Mara moja, akasema, ujanani, Shimoni, kwenye mkondo wa Pemba. Ndege walikuwa wakizengea juu, na chini yao kundi zima likiruka kufukuza dagaa. Mshipi ulikuwa mkononi, chambo tayari, na hakuutupa.

"Kwa nini, mjomba?"

"Nilisahau," akasema, akaendelea kumwaga maji mezani. Mtu aliyelelewa na uvuvi kusahau mshipi mkononi! Nimelifikiria jibu lile miaka mingi, na bado siliamini.