Njoo na Vitenge Vyako

Tuliipanda meli ya Skibladner pale Hamar, Norway, mwishoni mwa Juni, mimi na shoga yangu niliyesoma naye Kigoma. Yeye anaishi Oslo, mimi niko Tromsø, kaskazini kabisa, na miaka minne mfululizo namwita aje kwangu kiangazi. Kila mwaka ana udhuru mpya. Safari hii nikaona nimbane humo humo majini, asiwe na pa kukimbilia.

Skibladner ni meli ya mvuke inayosukumwa na magurudumu mawili ya makasia, moja kila ubavu. Imo katika ziwa la Mjøsa tangu 1856. Injini yake, ya mwaka 1888, haikufichwa: unasimama unaitazama hapo chini, vyuma vinapanda na kushuka viking'aa mafuta, na joto linakupiga usoni kama umefunua sufuria ya wali. Shoga yangu akaganda pale. Nikamwambia meli hii iliundwa Motala, Sweden, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa kando ya ziwa.

"Kama Liemba," akasema.

Kama Liemba kweli. Ile meli ya Ziwa Tanganyika iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha, ikaungwa tena Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Waingereza wakaiopoa 1924. Skibladner nayo imewahi kuzama mara mbili, 1937 na 1967. Babu yake shoga yangu alifanya kazi Liemba enzi za mvuke. Alizoea kusema meli ya mvuke haingurumi, inahema.

Chakula chenyewe kikaja: samaki wa salmoni wa kuchemsha na tango, halafu stroberi kwa krimu. Ndiyo sifa ya meli hii. Shoga yangu akachungulia kushoto na kulia, akatoa mkobani kichupa cha pilipili.

"Samaki mzuri," akasema, "ila si mgebuka."

"Basi njoo Tromsø mwezi wa saba nikukaangie chewa. Unapanda treni mpaka Bodø, reli inaishia hapo, kisha unalala usiku mmoja kwenye meli ya pwani."

"Usiku gani? Si umesema huko jua halizami?"

Ni kweli, kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi karibu tarehe 22 Julai halizami. Sisi tunaohesabu saa kwa kucha na kuchwa tunapata taabu kidogo: saa sita ya usiku nimeanua nguo jua likiniwaka kisogoni. Nikamwambia mimi hutundika vitenge viwili dirishani, kimoja juu ya kingine, nikalala vizuri tu.

Hakujibu. Akarudi kuitazama injini, mimi nikabaki na stroberi zake.

Tulipokaribia Gjøvik honi ikalia, akaja kukaa.

"Hivyo vitenge, ni vile vya harusi ya dada yako?"

"Ndivyo."

"Vile vyepesi, vinapitisha mwanga. Nitakuja na vyangu."