Onyo la Kivinjari na Saa Iliyorudi Nyuma
Wiki iliyopita kila tovuti niliyoifungua ilinitolea onyo kwamba muunganisho si salama, nami nikadhani nimevamiwa na wadukuzi, kumbe betri ndogo iliyo ndani ya kompyuta ilikuwa imekufa na saa ikarudi mwaka 2010. Vyeti vya tovuti, yaani hati za kidijitali zinazothibitisha anwani ya tovuti, vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na vingi hudumu siku 90 tu, hivyo kivinjari kiliviona vyote kuwa havijaanza kutumika. Jina la cheti lisipolingana na anwani ya tovuti, hilo ni zito zaidi, na hapo siingizi nywila kamwe. Alama ya kufuli nayo huonyesha tu kwamba mawasiliano yamesimbwa, yaani yamefichwa yasisomwe na wengine njiani, si kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Hata tapeli hupata cheti, tena bure.