Hereni tatu kila sikio

Usingizi umekataa, basi niandike kuhusu hereni.

Mwaka 1775, mfalme Qianlong wa China alikerwa na masikio ya wasichana. Mabinti walipelekwa ikulu kukaguliwa na kuchaguliwa, kama ilivyokuwa desturi, akaona kila sikio lina hereni moja tu. Kwa Wamanchu, kabila lake, mwanamke alitoboa kila sikio mara tatu na kuvaa hereni tatu. Moja ilikuwa mtindo wa Wahan, kabila kubwa kuliko yote China. Akatoa amri kwamba mila hiyo isiguswe kamwe: mwenye hereni moja si Mmanchu tena.

Mtu ana dola kubwa vile, na bado anahesabu hereni! Ila namwelewa. Wamanchu walikuwa wachache mno waliotawala Wahan wengi mno. Mwaka 1645, baada ya kuiteka Beijing, waliwaamuru wanaume wa Kihan wanyoe mbele na kusuka mkia nyuma. Aliyekaidi alikatwa kichwa. Wanawake wa Kihan waliachwa na blauzi zao na sketi za marinda za enzi ya Ming, ufalme wa Wahan uliowatangulia Wamanchu. Mume ametii watawala wapya kwa kichwa chake, mkewe kabati lake bado liko kwenye ufalme ulioanguka.

Walipojaribu kuwagusa wanawake, hawakufika mbali. Marufuku ya kufunga miguu ilitoka 1664, ikafutwa 1668. Hapo naona uchungu. Vidole vya mtoto wa kike vilikunjwa chini ya wayo na kukazwa kwa kitambaa, na aliyekaza mara nyingi ni mama mzazi, akiwaza posa ya bintiye. Siwezi kuiita hiyo urembo, lakini amri ya mfalme haikuwa na la kumjibu mama huyo kuhusu posa.

Tena Ming wenyewe walikuwa wakali wa mavazi. Zhu Yuanzhang, mtoto wa wakulima mafukara aliyeanzisha enzi hiyo mwaka 1368, aliwakataza wanawake wa kawaida nyekundu iliyokoza, buluu nzito, njano na nakshi za dhahabu. Waliachiwa zambarau, kijani, waridi na rangi zilizopauka. Mfanyabiashara hakuruhusiwa hariri hata awe na pesa za kununua mtaa. Harusini tu ndipo bwana harusi asiye na cheo aliweza kuazima vazi la afisa wa daraja la tisa, la chini kabisa. Nalipenda sana hilo: serikali inakukodisha heshima kwa siku moja!

Karne mbili baadaye, pesa za biashara zilikuwa zimeshaizika sheria hiyo. Kilichovaliwa katika mji tajiri wa Suzhou ndicho kilichoigwa kwingine, na wake wa matajiri walivaa nyekundu yao na dhahabu juu.

Mwaka 1804 ikawa zamu ya Jiaqing, mwana wa Qianlong. Katika kundi moja la mabinti waliopaswa kukaguliwa, 19 walikuwa wamefungwa miguu, na mikono ya nguo ilikuwa mipana kama ya Wahan. Akafoka, akatoa amri nyingine. Baadaye alikubali kwamba wanaume ni rahisi kuwadhibiti, lakini wanawake wanakaa ndani, na nguo zao ni ngumu kukagua. Lakini si nyinyi mnaotaka wakae ndani?