Spea Mpya Haiingii Bila Tupa

Hapa Indiana, Marekani, kuna wazee ambao raha yao ya wikiendi ni kulenga shabaha kwa silaha za baruti nyeusi. Kijiji cha Friendship, kusini-mashariki mwa jimbo, ndiko kilipo kiwanja cha chama chao, National Muzzle Loading Rifle Association, na mashindano yao makubwa hufanyika pale kila Juni na Septemba. Wanapima baruti kwa kibweta kidogo cha shaba, wanashindilia risasi ya duara, wanaweka fataki, ndipo wanalenga. Mtu aliyekulia vijijini kwetu Tanzania, ambako gobore bado linajulikana, haoni ajabu yoyote hapo. Kilichonivuta mimi ni ufundi wake.

Kiwandani ninapofanya kazi, mashine ya kompyuta ndiyo inayokata chuma. Wewe unapakia, unabonyeza, unapima. Lakini mimi ni fundi mchundo wa VETA, vyuo vya ufundi stadi vya Tanzania. Nilianzia kwenye jiliwa, napiga tupa kipande cha chuma mpaka kikae mraba, na mwalimu akikiweka kwenye mwanga na kuona upenyo, unarudia. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi aliniona nikiondoa kingo kali kwa tupa, akasimama kutazama. Baadaye akaniomba nimtazamie bastola yake.

Ni nakala ya Colt Navy ya 1851, bastola ya zamani ya Kimarekani yenye silinda inayozunguka, ya vyumba sita vya risasi. Imetengenezwa Italia. Nakala nyingi za namna hii zinatoka viwanda vya mkoa wa Brescia: Uberti wako Gardone Val Trompia, Pietta wako Gussago. Kabla ya kuuzwa, kila silaha inapelekwa kwenye ofisi ya taifa ya majaribio, na inagongwa muhuri wa mwaka. Mpaka 1974 walitumia namba za Kirumi, kuanzia 1975 wakahamia herufi, AA. Ya mzee ina AD, yaani 1978. Muhuri huo usiupuuze unapoagiza spea. Ya Uberti usitegemee itaingia kwenye Pietta, na hata kiwanda kimoja hubadilisha vipande vyake miaka inavyokwenda.

Ugonjwa wake ulikuwa huu: ukiinamisha mtutu chini na kuvuta nyundo, silinda inazunguka vizuri. Ukiuelekeza juu, nyundo inakuja lakini silinda imetulia. Hapo fundi anajua pa kwenda. Ndani, kwenye nyundo, kuna kidole cha chuma kinachosukuma meno ya nyuma ya silinda, na nyuma ya kidole kuna springi bapa nyembamba inayokibana mbele. Springi ikikatika, kidole kinabaki kutegemea uzito wake tu.

Kwanza kabisa, hakikisha silaha ni tupu. Kagua vichuchu vyote, vile vijinundu vya nyuma ya silinda vinavyovalishwa fataki, kwamba viko vitupu, kisha kila chumba cha silinda. Halafu gonga kabari inayoshika mtutu, vuta mtutu, silinda inatoka yenyewe. Tumia bisibisi inayojaa mfereji wa skrubu sawasawa, maana skrubu hizi ni laini na bisibisi legevu inazila vichwa. Nilipofungua ndani nilikuta masizi yamegeuka tope la kutu, na vipande vya fataki vimejibana pembeni. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu wa hewa. Usipoosha kwa maji ya moto na sabuni siku ileile, ukakausha na kupaka mafuta, kutu inatoboa vishimo kwenye springi, na springi hukatikia penye kishimo.

Wazee wa hapa wana dawa ya zamani: wanakata pini ya nywele, wanaichomeka kwenye ufa wa kidole na kuubana kwa tindo butu. Nimeiona inafanya kazi, na inadumu. Lakini kidole cha mzee kilikuwa kimelika ncha, kwa hiyo tuliagiza kizima, pamoja na komeo, kile kipande kinachopanda kutoka chini na kuifunga silinda isicheze.

Na hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Spea inafika kwenye kifuko, wanaitia, bastola inagoma, wanasema wameletewa feki. Si feki. Kidole kinaachwa kirefu kidogo makusudi, na komeo linaachwa nene, ili fundi aondoe mwenyewe. Kidole kikiwa kirefu mno, silinda inafika mahali pake na kufungwa kabla nyundo haijamaliza safari, na ukilazimisha unaumiza meno ya silinda na vitundu vyake ambamo komeo huingia. Kikiwa kifupi, nyundo inafika mwisho huku silinda haijafika, na chumba hakitazamani na mtutu. Hilo ni hatari, maana risasi inaingia mtutuni upande upande. Kinachotakiwa ni nyundo kufika mwisho na komeo kuingia tunduni kwa pamoja.

Mimi napaka kidole moshi wa mshumaa, nakirudisha, navuta nyundo taratibu kwa gumba, nakitoa tena. Pale weusi ulipofutika ndipo chuma kinapogusa. Ncha ni ngumu, tupa ya kawaida inateleza juu yake, kwa hiyo nasugua kwa jiwe la kunolea, kidogo sana, kisha narudia moshi. Vyumba vyote sita lazima vipimwe, maana havilingani, na kile kinachobana zaidi ndicho kinachokuongoza. Kwenye komeo unapunguza ubavu wa kichwa mpaka kiingie tunduni bila kulazimishwa na bila kulegea.

Kwa ndugu zangu mlio Marekani: sheria ya silaha ya taifa ya 1968 inazihesabu nakala za namna hii kuwa silaha za kale, si bunduki za kawaida, lakini majimbo yana sheria zake. New Jersey, kwa mfano, inazichukulia kama bunduki nyingine yoyote. Ulizeni kwanza mahali mnapoishi, hasa kama makaratasi yenu ya uhamiaji bado yanashughulikiwa. Mimi similiki hata moja, na kwa kazi hii sichukui hela.

Tangu ile Navy itengemae, wenzake mzee wameanza kuniletea za kwao. Sasa hivi nina nakala ya Remington ya 1858, bastola nyingine ya zamani ya Kimarekani, ambayo vichuchu vyake vimechakaa kiasi cha fataki kudondoka, na mwenyewe alikuwa ameshanunua vipya vyenye uzi wa skrubu wa kipimo cha inchi. Bastola ni ya Kiitalia, uzi wake ni wa milimita. Nimemwambia avirudishe dukani kabla hajajaribu kukaza hata kimoja.