Siku yangu ya kukagua nyaya za umeme, kutoka Nyalenda hadi Ahero

Saa moja asubuhi. Kazi yangu ni kukagua njia za umeme kutoka pembezoni mwa Kisumu hadi Ahero, na kabla ya kuondoka ninapanga taarifa za wananchi zilizopokewa usiku: waya unaokaribia kugusa paa la mabati Nyalenda, nguzo iliyoinama Rabuor, matawi ya mwembe yanayotoa cheche karibu na Kibos. Ninaanza na nguzo, kwa sababu mvua moja kubwa yatosha kuilaza barabarani pamoja na nyaya zake.

Saa mbili na nusu, Rabuor. Udongo mweusi wa Uwanda wa Kano huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hivyo nguzo iliyosimikwa humo hulegezwa msimu baada ya msimu. Hii ya mkaratusi imeegemea upande mmoja, nyaya za nyuma yake zimekazwa kupita kiasi na za mbele zinaning'inia. Ninachimba kuizunguka kina cha sentimita 30 hivi, maana nguzo huanza kuoza pale udongo, maji na hewa vinapokutana, wala si juu ambako watu huangalia. Nguzo nzima ikigongwa kwa nyundo hutoa mlio mkavu. Hii imetoa sauti butu, na ncha ya bisibisi imezama kama kwenye muhogo uliochemka. Nimeitia alama nyekundu ili fundi yeyote asiipande.

Saa nne na robo. Simu inaita: waya umeanguka shambani, ng'ambo ya Ahero. Ninamwomba mama aliyepiga awaondoe watu na mifugo, wakae umbali usiopungua mita 10, kisha ninampigia afisa wa zamu azime laini hiyo.

Tunapofika, waya umelala kati ya mistari ya mahindi, hautoi cheche wala moshi, na kijana mmoja ameshika mti mkavu akitaka kuusukuma kando. Ninampigia kelele arudi nyuma. "Lakini fundi, stima imepotea kijiji kizima," ananijibu, na hapo ndipo ilipo hatari inayonisumbua kuliko zote katika kazi hii. Nyumba zimekosa taa kwa sababu waya umekatika, lakini kipande kinachotoka upande wa kituo cha umeme bado kinaweza kuwa na volti 11,000. Ardhi ikiwa kavu, umeme unaovuja ni mdogo, na fyuzi haiyeyuki. Pengine swichi ya kinga kituoni imekata umeme kweli, lakini zipo laini ambazo swichi hiyo hujirudisha yenyewe baada ya sekunde chache, kwani mara nyingi hitilafu huwa ni tawi lililogusa na kuanguka. Mti nao, hata ukionekana mkavu, si kinga dhidi ya volti maelfu.

Ardhi yenyewe inayouzunguka waya hubeba umeme, ukipungua kadiri unavyosogea mbali. Anayepiga hatua ndefu huweka miguu yake mahali penye volti tofauti, na umeme hupita mwilini mwake. Ng'ombe hufa upesi zaidi, kwa kuwa miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana na moyo uko katikati. Aliyejikuta karibu aondoke kwa kuburuta nyayo zilizogusana, bila kuinua mguu.

Kituo kinathibitisha kwamba laini imezimwa. Hata hivyo tunapima kwa fimbo maalumu na kuunganisha nyaya na ardhi kabla ya kuzigusa, kwa sababu jenereta ya nyumba moja iliyofungwa vibaya inaweza kurudisha umeme kwenye transfoma na kuupandisha hadi volti maelfu.

Saa nane mchana, barabara ya miwa karibu na Miwani. Napima urefu wa nyaya kutoka ardhini saa hizi kwa makusudi: alumini hurefuka kwa joto la jua na la umeme unaopita, hivyo waya uliokuwa salama alfajiri huweza kushuka mchana. Ninamweleza dereva wa trela kwamba miwa yake ikinasa waya, abaki ndani hadi umeme uzimwe. Gari likishika moto, aruke miguu yote miwili pamoja, asiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja.

Saa kumi, Nyalenda. Nyumba iliongezwa ghorofa chini ya waya uliokuwapo tangu zamani. Tumeuzima, na mwenye nyumba ameelezwa kwa nini.

Saa kumi na mbili jioni. Ninaandika ripoti. Wanaokosa umeme hulalamika na kuhudumiwa kwanza, lakini nguzo iliyooza huendelea kuwasha taa za watu, basi ombi la kuibadilisha husukumwa nyuma wiki baada ya wiki. Ya Rabuor nimeiweka juu kabisa na kuambatisha picha ya shina lake, na nimemwambia msimamizi kwamba nitampigia kesho saa mbili kujua kikosi kitafika saa ngapi.