Macho ya Conrad Veidt

Leo jioni nimemwekea mdogo wangu filamu bubu ya Kijerumani ya mwaka 1920, The Cabinet of Dr. Caligari. Akaguna: "Dada, hii haina hata sauti!"

Subiri kwanza.

Sanduku likafunguliwa. Ndani kasimama mtu mwembamba, uso mweupe kama chokaa, usingizini. Kope zikaanza kutetemeka. Macho yakafunguka taratibu, taratibu mno, yakatukodolea sisi.

Mdogo wangu kanishika mkono. Na ubishi wake wote ule!

Huyo ni Conrad Veidt, mzaliwa wa Berlin, 1893. Mke wake, Lily, alikuwa Myahudi, kwa hiyo Hitler aliposhika madaraka 1933 wakahamia Uingereza. Baadaye Hollywood wakampa nafasi gani? Meja wa Kinazi kwenye filamu ya Casablanca! Mtu kawakimbia Wanazi, halafu analipwa kuwaigiza. Na aliiweza, anachukiza kweli kweli.

Alifariki 1943 kwa mshtuko wa moyo, miaka 50 tu, Vita vya Pili vya Dunia havijaisha. Hilo limeniuma.

Haya, nani amewahi kuwatisha kwenye filamu bila kutamka neno? Nitajieni, huyu mbishi sasa anataka nyingine.